Msiba Usio na Mtani

Mdogo wangu alipotembea, mkono wake wa kulia ulirushwa mbali kuliko wa kushoto. Alikuwa hivyo tangu anajifunza kusimama, na najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimshika. Jeshi lilimfundisha kupiga hatua upya, likamnyoosha mgongo, likamzoesha kula haraka. Mkono ule halikuuweza. Nasema hili mapema kwa sababu watu wakisimulia habari za askari aliyekufa vitani husema alikuwa shujaa, basi, wanaishia hapo. Alikuwa shujaa, sikatai. Lakini alikuwa pia mtu asiyependa mlenda, aliyelala na soksi hata wakati wa joto, na aliyenidokolea mafuta yangu ya nywele mpaka wiki ile anaondoka kwenda Kongo.

Mimi ni dada yake mkubwa, fundi cherehani mjini Korogwe. Nashona sare za shule, na shule zikikaribia kufunguliwa huwa sisemezeki. Sina subira, mama husema nilizaliwa nikibishana na mkunga. Kwetu ni Misima, upande wa Handeni, ambako wazazi wetu wanalima mahindi na wana michungwa michache inayozaa ikijisikia. Mdogo wangu alipofaulu kwenda sekondari alihamia kwangu Korogwe, kwa hiyo kabla hajawa wa jeshi alikuwa wangu. Nilimpikia, nikamfokea, nikamshonea suruali ambazo kila muhula zilimpanda juu ya vifundo.

Jirani yangu pale kibarazani sokoni ninaposhonea alikuwa mama mmoja wa Mnyuzi, rika la mama yangu, aliyekuja kila asubuhi na ndizi mbivu na karanga za kukaanga. Babu yake alitoka upande wa Tabora kuja kukata mkonge. Mkataba ulipoisha hakurudi kwao, na wajukuu zake mpaka leo wako Mnyuzi, wanalima mihogo mahali ambapo zamani palikuwa mkonge mtupu. Yeye Mnyamwezi, sisi Wazigua, na hao ni watani tangu enzi. Asiyejua utani akipita pale angedhani tunachukiana.

"Shikamoo, mtani," namwambia.

"Marahaba, mtumwa wangu. Leo umewahi wewe, au jua ndilo limechelewa?"

Maneno aliyoniambia kabla ya saa nne, angeyasema mtu mwingine ningempeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Yeye nilimrudishia makali zaidi, tukacheka, na wateja wakasubiri. Mdogo wangu naye, mama huyo alimwita mume wake. Akamtumikisha kumbebea makapu hadi stendi, akamlipa kwa ndizi zilizokwisha kuiva kupita kiasi, na bwana mdogo akala akinung'unika.

Lakini utani kwetu si wa sokoni tu. Kazi yake kubwa iko msibani. Babu mzaa mama alipofariki, mama huyu alifika Misima, akavaa koti la marehemu, akapinda mgongo, akakohoa kile kikohozi chake kirefu, kisha akamwomba bibi ugoro kwa sauti ya babu kabisa. Bibi alimpiga kwa kandambili huku akicheka. Kicheko kikageuka kilio, akalia mpaka nguvu zikamwisha, na jioni ile akaomba uji. Ndiyo kazi ya mtani. Wenye msiba wamebanwa kooni, hakuna anayethubutu kutamka kwamba mtu wao ameondoka. Yeye asiye na haya anaingia katikati yao na kuwaonyesha marehemu alivyokuwa, mpaka kila mmoja akubali kwamba anaigizwa kwa sababu hayupo tena.

Mdogo wangu alipopata likizo yake ya kwanza alishuka stendi ya Korogwe akiwa na kombati zilizonyooshwa, akapita sokoni kuja kwangu, kidevu juu. Hakumtazama mtu. Mama wa Mnyuzi akamwona. Aliinuka taratibu, akaweka mkungu wa ndizi begani, akaanza kuandamana naye nyuma, hatua kwa hatua, mkono wa kulia akiurusha mbali kuliko wa kushoto. Soko zima likatulia kuangalia. Wauza nyanya wakapiga makofi ya kwata. Kijana alijikaza, akajikaza, akafika mbele ya cherehani yangu na mashavu yamemvimba, ndipo akaangua kicheko na kuketi chini, kombati na yote.

"Mume wangu," mama yule akamwambia, "jeshi limekupa buti, lakini mkono wamekuachia ule ule wa Kizigua."

Nakumbuka nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Alipotuaga kwenda Kongo alituambia anakwenda kulinda amani. Baba, ambaye maisha yake yote amelinda mahindi dhidi ya nguruwe, alimuuliza kama amani ya huko inalindwa kwa bunduki. Akasema, "Ndiyo kazi, mzee." Mama alimshika masikio yote mawili, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mtoto wa kuogeshwa, akamtazama uso kwa muda mrefu, kisha akamwachia. Sikuliona kuwa jambo kubwa wakati ule. Akina mama hutazama watoto wao.

Habari ilipofika mimi nilikuwa Misima, nimekwenda kusaidia kuvuna. Gari la kijani likasimama kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha likaja kwetu likiwa naye ndani, na maofisa wawili. Mimi nilijua. Nadhani baba pia alijua, ndiyo maana alianza kufanya mambo ya ukarimu kwa haraka namna ile. Kwetu mgeni haulizwi habari kabla hajala. Basi baba akawaketisha, akaagiza maji ya kunawa, akaagiza chakula, na kila mara ofisa mmoja alipofungua mdomo kusema "Mzee, sisi tumekuja," baba alimjibu, "Karibuni sana, kwanza chakula." Mama akaleta ugali na kunde. Ofisa mkubwa alimega tonge moja, likakataa kushuka. Mama akamwona.

"Kula, baba," akamwambia. "Mmetoka mbali."

Yule bwana mwenye nyota mabegani alikula ugali wa mama yangu huku machozi yakimdondoka kwenye kunde, naye mama akamsogezea pilipili, akidhani labda chakula hakina ladha. Sijawahi kuona mtu akiteseka vile kwenye mkeka wetu. Walipokwisha kunawa wakasema. Kambi yao ilivamiwa msituni. Mdogo wangu na wenzake walipigwa risasi wakiwa kwenye lindo lao.

Baba aliinamisha kichwa. Mimi nilipiga ukelele uliosikika mpaka barabarani. Mama alikusanya vyombo, akavipeleka nyuma kuviosha.

Mwili ulichukua siku kadhaa kufika, na katika siku hizo ndipo kosa letu lilipofanyika. Baba mdogo aliita kikao cha ukoo. Huyu baba mdogo aliwahi kufanya kazi ofisini wilayani, na tangu hapo anajua itifaki. Akatuambia kwamba haya si maziko ya kijijini, haya ni maziko ya kijeshi. Watakuja wakubwa, kutakuwa na bendera, kutakuwa na mizinga. Je, tunataka bibi mmoja aingie mbele ya askari wenye bunduki za kweli, amebeba fimbo begani, akijitia kuwa marehemu? Si tutaonekana washamba? Si wanaweza hata kumkamata? Wazee wakatikisa vichwa. Baba hakuwa na nguvu za kubishana na mtu. Ikakubaliwa kwamba watani wote watumiwe ujumbe: waje, wakaribie, lakini wakae kama waombolezaji wengine. Mimi sikuulizwa. Ningeulizwa pia sijui ningesema nini, kwa sababu siku zile hata jina langu nililisikia kwa mbali.

Jeneza lilikuja limefungwa, bendera juu. Maofisa walisema, kwa upole sana, kwamba wanashauri lisifunguliwe. Walisema Waislamu wenzake walikwisha kumwosha, kumkafini na kumswalia huko huko kambini. Shehe wetu alizungumza nao pembeni, akarudi, akasema imetosha. Mama alisimama mbele ya lile sanduku na mikono yake imening'inia. Akauliza kama mtoto anaweza kufunuliwa uso tu. Ofisa akasema, "Mama yangu, nisamehe." Mama akasema haya, akarudi kuketi.

Wakambeba. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, kwa hiyo tulibaki uani, na mizinga tukaisikia kutokea kule. Wanawake walipiga mayowe. Mama akasema, "Watawatisha ng'ombe wa watu."

Mama wa Mnyuzi alikuja siku ile. Alikuja na kanga kichwani, akatoa pole, akaketi mwisho wa jamvi kama mgeni wa mbali, akala kidogo, akainuka. Nilimsindikiza hadi barabarani. Hakunitania. Aliniambia tu, "Nimefukuzwa kazini," akapanda bodaboda akaenda zake.

Na sasa sikilizeni tulivyo wajinga. Jioni, maofisa wakijiandaa kuondoka, luteni mmoja kijana mwenye lafudhi ya Usukumani alimwendea baba mdogo akasema, "Samahani mzee, huku kwenu hamna watani? Kwetu msiba hauishi bila mtani. Mimi nilishajiandaa kabisa kupakwa majivu." Baba mdogo akaangalia viatu vyake. Nilikuwa nyuma yao nimebeba sinia la vikombe, na kwa mara ya kwanza siku ile nilitaka kumpiga mtu.

Mama hakulia. Si siku ile, si siku zilizofuata. Majirani walimsifia: mama jasiri, mama wa askari, mama ana imani. Nilitamani kuwatia vibao. Mimi nilimjua mama yangu. Huyu ni mtu aliyemlilia ng'ombe. Bibi alipokufa, sauti ilimkauka kwa kilio. Hii haikuwa imani wala ushujaa.

Hakuwa amerukwa na akili pia. Alidamka, akafagia, akapalilia, akasalimiana na watu. Ila alimsema mdogo wangu kama mtu aliyechelewa basi. "Usipike mlenda, yule hapendi." "Shati lile usimpe mtu, ataliuliza." Pikipiki ikipunguza mwendo barabarani, jembe lake lilisimama hewani mpaka ipite. Nilipojaribu kumwambia ukweli, kwa upole niwezao, na upole wangu si mwingi, alinitazama bila hasira.

"Sikumwona," alisema. "Nimeletewa sanduku na watu wenye adabu. Wewe ulimwona?"

"Hapana, mama."

"Haya."

Nilifunga cherehani yangu Korogwe nikabaki Misima. Niliogopa. Alikuwa akipungua mbele ya macho yangu. Gauni nililomshonea sikukuu ya Idi lilimning'inia kama limetundikwa msumarini. Usingizi hakuwa nao. Chakula alikigusa na kukisukuma. Bibi mmoja wa jirani, aliyekuja kumtazama, aliniambia waziwazi kwamba kilio kisipotoka kinamla mtu, na mama yangu kinamla. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwa nikimwosha mgongo na kuhesabu mbavu zake kwa vidole.

Arobaini ilipokaribia, baba alisema hitma isomwe, msiba ufungwe. Mama alikuwa akipepeta mahindi. Akasema, bila kuinua kichwa, "Someni. Lakini jina lake msilitaje."

Baba akauliza, "Sasa tutamsomea nani?"

"Sijui. Someni mnaotaka kumsomea. Mtoto wangu hasomewi kabla sijamwona."

Baba alitoka nje akaketi kwenye kigogo, na nilipomfuata nilimkuta analia peke yake. Sikuwahi kumwona baba akilia. Alisema ameshampoteza mmoja, na huyu wa pili anamwona akiondoka polepole hapo hapo nyumbani, na hajui amshike wapi. Nilimwambia nampa jibu kesho. Nikajifunga kanga, nikapanda gari la kwenda Korogwe, na kutoka Korogwe nikachukua bodaboda hadi Mnyuzi.

Nilimkuta mama yule nje ya nyumba yake, karibu na reli, akimenya mihogo ya kukausha. Tangu maziko hakuja kwenye kibaraza changu. Nilisikia alihamishia ndizi zake upande wa stendi. Nilimwamkia. Akaitikia "marahaba" tupu, bila mtumwa wala nini, na hapo nikajua alivyoumia.

"Mtani, nimekufuata."

"Mimi si mtani. Mimi ni mwombolezaji wa kawaida. Nilitumiwa ujumbe."

"Ujumbe haukutoka kwangu."

"Ulitoka kwenu." Akaendelea kumenya. "Babu yangu aliwazika wazee wenu. Baba yangu aliwazika. Mimi nimemzika babu yako na bibi yako. Amekufa mume wangu, nikaambiwa nikae kimya nisiwaaibishe mbele ya wakubwa. Na leo unakuja kuniita. Utani unaitwa? Mimi ni fundi bomba?"

Alikuwa na haki ya kila neno, na mimi ambaye hubishana hata na mizani ya nyama niliketi kwenye vumbi mbele yake.

"Mama hajalia," nikasema.

Kisu kikasimama.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Hajalia hata tone. Anasema hakumwona, kwa hiyo hajafa. Hali chakula. Halali usiku. Keshokutwa ni arobaini, na amekataza jina lake lisitajwe."

Alisuuza mikono kwenye beseni, akaingia ndani, akakaa huko muda mrefu hata nikadhani amenifungia mlango. Alipotoka alikuwa ameshika jozi ya gambuti nyeusi za mumewe marehemu, na alizikung'uta ukutani matope yatoke.

"Mwambie yule baba yako mdogo," alisema, "akinifungulia mdomo nampaka masizi mpaka ndani ya masikio."

Siku ya arobaini watu walijaa kuanzia asubuhi. Turubai lilifungwa kati ya michungwa, wanaume wakaketi chini yake na misahafu, masufuria yakawekwa mekoni. Wanawake tulikuwa kwenye mkeka mkubwa uani tukichagua mchele. Mama aliketi katikati yetu na ungo mapajani, akichagua kwa makini kama anapikia shughuli ya mtu mwingine. Shehe alikuwa bado hajaanza. Alikuwa akinong'ona na baba, na nilijua wananong'ona nini: atasema jina au hatasema.

Hapo ndipo tulipomsikia akija barabarani, gambuti zikipiga chini, kwa, kwa, kwa. Mama wa Mnyuzi aliingia uani kwa mwendo wa gwaride, mchi wa kinu begani kama bunduki, kofia ya zamani ya mgambo imemwangukia machoni, uso una majivu. Mgongo umenyooka. Mkono wa kulia anaurusha mbali kuliko wa kushoto.

Watu waliganda. Baba mdogo aliinuka nusu. Baba, bila hata kumgeukia, alimwambia, "Kaa." Akaketi.

Mtani alizunguka uani, akapiga saluti kwa masufuria, akapiga saluti kwa kuku, akaja kusimama mbele ya mkeka wetu.

"Shikamoo, mama! Nimefika. Chakula kiko wapi? Kama ni mlenda, nageuza, narudi Kongo."

Mwanamke mmoja akapaliwa na kicheko. Mtani akanigeukia mimi. "Dada, mafuta yako ya nywele yako wapi? Si ya kuiba. Naazima tu, kama siku zote." Akajipaka mchele kichwani. Akaketi, akavua gambuti moja, akaonyesha soksi iliyotoboka kidole, akaitazama kwa mapenzi, akavaa tena, akajifanya kukoroma. Alikuwa yeye. Mungu anisamehe, alikuwa mdogo wangu mwenyewe aliyeketi pale ndani ya ngozi ya bibi kizee.

Na mama akacheka. Nilikuwa nimeisahau sauti ile. Alicheka kwa kifua, ungo ukamtikisika mapajani mchele ukamwagika, akanyoosha kidole, "Ndivyo! Soksi! Ndivyo alivyo!" Wanawake wote wakacheka naye, na chini ya turubai wazee wakafunika midomo kwa misahafu.

Kisha mama, bado anacheka, akamuuliza, "Sasa ulichelewa wapi siku zote hizi?"

Mtani alisimama. Mchi ukashuka begani. Uso ulimbadilika, na sijui kama alikuwa amepanga kusema hivyo au swali lilimkuta hajajiandaa.

"Nilipigwa, mama," akasema.

Kicheko kikakatika mkeka mzima. Mama hakuondoa macho kwake.

Mtani akajilaza chali kwenye mkeka, katikati ya mchele, miguu imetawanyika, macho wazi yakitazama juu. Watani hufanya hivyo. Hulala mahali pa maiti na kukataa kuinuka mpaka wapewe chochote, hata soda, na watu wote tulikuwa tunangoja aseme tu, adai soda yake, tupumue. Midomo yake ilianza kufunguka.

Lakini mama alikuwa ameshauweka ungo pembeni. Alikwenda kwa magoti hadi miguuni kwake. Akamvua gambuti moja, akaiweka chini taratibu, akamvua ya pili. Akaisogeza miguu yake pamoja, akaifunga vidole gumba kwa uzi alioung'oa kwenye pindo la kanga yake. Akamnyoosha magoti. Akasogea hadi kifuani, akamweka mikono yake vizuri, na ule wa kulia akaushika kidogo kabla ya kuulaza. Shehe alikuwa amesimama. Mama akavua kanga yake ya juu, akapangusa majivu yote kwenye uso ule, paji, mashavu, kidevu, polepole, mpaka uso ukawa safi. Akautazama kwa muda mrefu. Kisha akashusha kiganja chake na kumfumba macho.

Mtani hakufanya mzaha wowote. Alilala pale ameacha hata kupumua kwa sauti, na kutoka chini ya kope zake zilizofumbwa machozi yakaanza kutiririka kuelekea masikioni.

Mama akayafuta kwa ncha ya kanga.

"Maiti halii, mtani," alimwambia. "Wa kulia ni mimi."

Akalilaza paji la uso wake kifuani pa yule mama, na akalia.